Swali la "Kwenu Wapi?"

Mjukuu wangu alirudi kutoka Dar es Salaam saa tano usiku, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, akaniamkia kwa sauti niliyokuwa sijaizoea. Nikamwambia aoge kwanza, ale, habari hazikimbii. Bibi yake akampakulia ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Alimega tonge tatu, akanawa. Kijana aliyekulia Ujiji akimwacha mgebuka kwenye sahani, huna haja ya kumwuliza kama kuna jambo.

Alikuwa amekwenda kwenye usaili. Amesomea uhasibu, vyeti anavyo, na jina lake lilikuwamo katika orodha ya walioitwa. Waliomsaili walikuwa watatu, na maswali ya hesabu anasema aliyajibu yote. Halafu mmoja wao akatazama fomu, akaona mahali alipozaliwa, akainua uso: "Kigoma hii yetu, au ya ng'ambo?" Wenzake wakacheka. Naye akacheka. Baada ya siku nane akaambiwa nafasi imejaa. Lakini si kazi aliyoikosa iliyomnyima hamu ya chakula. Kilichomkaa rohoni ni kwamba alicheka pamoja nao.

Na hata huko kwenda kwenyewe, basi lilisimamishwa njiani zaidi ya mara moja. Katika kizuizi kimoja afisa alipita katikati ya viti akitazama nyuso. Hakuomba vitambulisho vya abiria wote. Alinyoosha kidole tu: wewe, wewe, na wewe mama mwenye mtoto, teremkeni. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Yule mama aliamriwa atamke "lala salama", kisha atamke tena, kwa sababu inasemekana watu wa ng'ambo hushindwa kuitamka l, huifanya r. Akatamka huku anamtikisatikisa mtoto aliyekuwa analia. Waliobaki ndani ya basi walichungulia madirishani wakinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Hakuna aliyenung'unika kwa ajili ya yule mama.

Habari hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba kijana angekatiza katikati ningeweza kummalizia. Nimeisikia kwa watoto niliowafundisha, kwa wapangaji, kwa wenzangu msikitini. Nina miaka 78 na nimechoka nayo, wanangu, lakini uchovu haunipi ruhusa ya kunyamaza. Ninayosema ni kwa nyinyi mnaoulizwa na kwa nyinyi mnaouliza. Na katika mji huu wetu wengi ni wale wale, asubuhi wanaulizwa na jioni wanauliza.

Swali lenyewe halina ubaya. "Kwenu wapi?" ni sehemu ya ukarimu wetu. Mgeni akibisha hodi anakaribishwa, anapewa maji, ndipo anaulizwa kwao, ili ajulikane ni wa nani, apelekwe kwa jamaa zake, na kama hana jamaa apatiwe. Tazameni lakini wakati linapoulizwa. Baada ya maji, swali hilo linamtafutia mtu mahali. Kabla ya maji, linatafuta sababu ya kumnyima.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mbwari. Alivushwa Ziwa Tanganyika akiwa binti mdogo, kutoka rasi ya Ubwari, na hakuvuka kwa hiari. Mnajua Ujiji ilikuwa nini wakati huo: soko, gati la mitumbwi na mwanzo wa njia ya kwenda Tabora na Bagamoyo. Wageni wakija leo tunawapeleka kwenye kumbukumbu ya Livingstone, tunawaonyesha mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, na tunawaonyesha miembe. Hatuwaambii kwamba chini ya miembe ya aina ile walipita watu wamefungwa. Bibi hakupelekwa pwani. Alibaki hapa, katika nyumba ya mtu aliyejiita muungwana, na baada ya kuachiwa huru akamzaa baba yangu kwa babu yangu, ambaye alikuwa Mjiji. Nilimkuta akiwa kikongwe. Nikiwa mtoto nilimwuliza swali hilohilo, "Bibi, kwenu wapi?" Hakujibu kwa mdomo. Mvua ikisha kunyesha na hewa ikasafika, jioni milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya maji, ya buluu, kama iko karibu. Aliinyooshea mkono ile milima, kisha akaendelea kuchambua dagaa.

Sasa niambieni. Mtu akitaka kujua kama mimi ni wa hapa, nimwonyeshe nini? Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, babu yangu alikuwa chini ya Mjerumani, na Mrundi na Mnyarwanda walikuwa chini ya Mjerumani huyohuyo, koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja, Wajerumani wakaizamisha meli yao karibu na mdomo wa Malagarasi, ile iliyoopolewa baadaye na ambayo sote tunaiita Liemba. Mbelgiji akatawala Kigoma mpaka 1921, akaondoka, akampisha Mwingereza, ila yeye Mbelgiji akabaki na Ruanda na Urundi. Kwa muda wa miaka saba babu yangu alikuwa chini ya watawala watatu, na hakuhama hata chumba. Nchi ndizo zilizohama juu ya kichwa chake. Anayekuja leo na rula kupima nani ni wa ndani na nani ni wa nje ya mstari wa mpaka, ajue mstari wenyewe ulichorwa Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuonja dagaa wetu.

Vijana mnaniambia, mzee, ubaguzi ni mambo ya Wazungu na Weusi, ya Marekani na Afrika Kusini. Sisi tuna ukabila kidogo tu, na utani. Hapana. Ngoja niwaeleze nilichokiona kwa macho, ndipo mtajua utani huu ulizaliwa wapi.

Baba yangu alikuwa hamali bandarini Kigoma na pale stesheni. Gari moshi lilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Hapakuwa na haja ya kibao. Kila mtu alijua Mzungu anakaa wapi, Mhindi na Mwarabu wanakaa wapi, na Mwafrika anajibana wapi. Baba aliingia behewa la daraja la kwanza karibu kila safari ya gari, sanduku kichwani. Alilijua zulia lake, alijua vitasa vyake vya shaba, alijua kiti kipi kina chemchemi iliyolegea. Hakuwahi kukikalia. Siku moja alinichukua, nikiwa na miaka kama minane, nikaingia nyuma yake nikamwona anaweka sanduku kwenye rafu, kisha anapangusa kwa kiganja mahali alipokanyaga. Hakuna aliyemwamuru kupangusa. Ndilo jambo lililonitisha nilipokua nikalikumbuka: alikuwa ameshaamriwa zamani sana, na amri ikawa imehamia mkononi mwake.

Mambo yote yalipangwa hivyo. Shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, zetu mbali, na fedha za kila moja zikipungua kadiri rangi inavyozidi kuiva. Mshahara vivyo hivyo: kazi ile ile, malipo yanafuata ngozi. Hata kura ya kwanza tuliyopewa ilipangwa kwa rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, kana kwamba jamii hizo tatu zilikuwa sawa kwa idadi. Watu wa chama cha TANU walikutana Tabora Januari 1958, hapo juu ya reli yetu, wakabishana usiku na mchana kama wakubali au wasusie. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Waliingia, wakashinda, na kura tatu ikafa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ngazi ile haikuwa na vidato viwili tu, cha juu na cha chini. Ilikuwa na vya kati. Na mtu wa kati alikuwa na ugonjwa wake: alitazama juu siku zote, akaona jinsi alivyodhulumiwa, na kweli alidhulumiwa, hakupata muda wa kutazama chini kuona ni nani amemkanyaga. Karani wa stesheni aliyekatazwa kuingia klabu ya Wazungu aliumia. Huyohuyo alimwita baba yangu, mtu mzima mwenye wake na watoto, "boi". Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alipewa kidato, akakikalia, akadhani ni sakafu.

Nyerere aliuona ugonjwa huu mapema. Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, wapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Alisimama bungeni akakataa kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali nchi ijengwe juu ya rangi. Januari 1964 akatoa waraka kwamba raia asibaguliwe tena kwa rangi katika kuajiriwa serikalini. Atazamwe kwa tabia na uwezo wa kazi. Hakupendwa kwa hilo. Watu wetu walikuwa na haki ya kuona uchungu, maana walikuwa wamenyimwa shule, na sasa wanaambiwa washindane na waliosomeshwa. Uchungu ule naufahamu, niliuona nyumbani kwetu. Hata hivyo alikuwa sahihi, na naogopa kwamba sisi tuliolelewa chini ya maneno yake tumeyaweka kwenye fremu pamoja na picha yake.

Maana ngazi ya rangi ilipoondolewa, vidato vyake tulivigawana. Serikali ya kikoloni haikuleta huku zao la biashara la maana, wala viwanda. Si kwa kusahau. Buha, nchi ya Waha, yaani Kasulu na Kibondo, waliiacha iwe ghala la watu. Mkonge wa Tanga na Morogoro ulihitaji mikono, na mikono ikatolewa huku, ikapandishwa gari moshi hapa Kigoma. Kila mtu akapewa namba, ndipo likazaliwa neno manamba. Miaka mingi baada ya hapo, mtu wa mjini akimwona Mha anabeba mzigo au analinda geti, anasema, "Hawa ndio kazi yao." Hajui kwamba ilikuwa kazi yao kwa sababu mtu alikaa ofisini akaamua iwe hivyo. Kigoma mwisho wa reli, wanasema, na wanacheka. Reli ina ncha mbili, wanangu. Hata Dar es Salaam ni mwisho wa reli. Lakini hakuna anayemtania mtu wa Dar es Salaam hivyo.

Kisha wakaja wakimbizi. Mwaka 1972 watu waliuawa Burundi kwa idadi isiyosemeka, waliopona wakavuka kuja kwetu, wakapelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 1993 tena, baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Mwaka 1996 Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2015 tena Warundi, maelfu wamekwama Kagunga ufukweni, kipindupindu kikiwamaliza, na Liemba ikaenda kuwachukua kundi kwa kundi mpaka Kigoma. Nilikwenda kuwatazama walivyokuwa wamelala katika uwanja wa Lake Tanganyika. Nchi yetu ilifanya mema makubwa, na mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa wale wa 1972 na watoto wao. Jambo hilo nalitaja kwa fahari. Lakini kila wimbi lilipokuja, tope lake lilitupata na sisi. Neno "mkimbizi" likawa tusi. Na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, na majina yetu ni ndugu, na nyuso zetu ni ndugu, mtu wa Kigoma akawa mshukiwa mpaka athibitishe vinginevyo.

Wala msidhani ni masikini peke yao. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi anayejulikana nchi nzima, mtu aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa kwamba si raia. Yeye ni wa Kagera, nako ni mpakani kama kwetu. Baadaye alipewa uraia kwa kuuomba. Fikirini: mtu ameapishwa kutumikia nchi, kisha anaulizwa kwenu wapi. Kama swali linaweza kumfikia yule, yule mama wa kwenye basi atajificha wapi?

Hayo ni ya wanaotuuliza. Sasa yetu.

Mji huu ulijengwa juu ya maneno mawili, muungwana na mshenzi. Muungwana alivaa kanzu, alisema Kiswahili, aliswali. Mshenzi alikuwa Mha wa milimani aliyemletea chakula, na mtu wa ng'ambo aliyeuzwa sokoni. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, na bado nimekaa kwenye vikao vya posa, hapa Ujiji, katika umri wangu huu, nikasikia mzee mwenzangu akinong'ona kwamba ukoo wa kijana "haueleweki." Tunaelewana sote maana yake. Nami mjukuu wa Mbwari nimekaa pale nikizungusha kikombe cha kahawa mkononi. Nimesikia mama akimwambia binti yake asije na yule wa Kasulu, "watu wa porini". Nimesikia vijana wetu, weusi kama mimi, wakimsifu mchumba kwa kuwa ni mweupe, na wasichana wakijichubua kwa mkorogo mpaka vifundo vya vidole vikabaki vyeusi peke yake. Nani ametuamuru? Baba yangu alipangusa sakafu ya behewa bila kuamriwa.

Wengi wenu mmepita chuoni na mmesikia darsa. Aya ya Sura ya Hujurat juu ya mataifa na makabila inasomwa katika kila harusi yetu, nasi tunaitikia. Mnakijua pia kisa cha Abu Dharr. Aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake. Wanavyuoni wengi wanasema mtu huyo alikuwa Bilali, na tusi lilikuwa weusi wa mama yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumwambia amekosea adabu. Alimwambia kwamba bado ndani yake umo ujahili. Abu Dharr, sahaba, mtu mcha Mungu kuliko mimi na nyinyi. Miaka ikapita, na watu wakamkuta amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa vazi lilelile. Wakashangaa, wakamwuliza, ndipo akawasimulia kisa. Mimi napenda lile vazi. Hakuhubiri tu kwamba amejifunza. Mtumishi alilivaa, na watu wakaliona.

Na sasa niseme langu, kwa kuwa haifai kuwaonya mkiwa mnanidhania msafi. Katika miaka ya tisini, wakati mkoa umejaa wakimbizi na mashirika, nilikuwa mwalimu, nikaombwa kukaa katika kamati ya kuchagua karani wa kike. Barua zilikuwa nyingi. Moja iliandikwa vizuri kuliko zote, mwandiko umesimama wima, haukuwa na kosa hata moja. Jina la mwombaji lilikuwa la pacha. Mnajua kwamba Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha kwa Waha na kwa Warundi sawasawa. Nilijua hilo, nilikuwa na wanafunzi wenye majina hayo. Nikasema, "Huyu tusije tukajitia matatani." Sentensi moja. Barua ikawekwa upande wa kushoto wa meza, na hakuna aliyeigusa tena. Baada ya mwaka mmoja nilimkuta binti huyo sokoni Mwanga anauza mise, kokwa za mchikichi, kwenye beseni. Alikuwa mtoto wa mwalimu niliyesoma naye, Mha wa Kasulu kwa baba na mama. Aliniamkia kwa heshima, hakujua. Nilinunua mise nyingi kuliko nilizohitaji, nikaenda nazo nyumbani, na sikuweza kumweleza mke wangu ni za nini.

Nilichokifanya mimi na barua ile kimepimwa mahali pengine. Mwaka 2004 wachumi wawili wanaofanya kazi Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitoa matokeo ya jaribio lao. Mjukuu wangu amenisomea. Walituma wasifu karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, elimu na uzoefu ukilingana, ila majina: mengine ya Kizungu kama Emily na Greg, mengine ya Wamarekani Weusi kama Lakisha na Jamal. Wenye majina ya Kizungu waliitwa mara moja katika kila barua 10 hivi. Wenye majina ya Weusi, mara moja katika kila 15. Sasa mfikirie yule Greg. Ameitwa kazini. Anaamka mapema, anafanya kazi kwa bidii, na akiambiwa amependelewa atakasirika, kwa sababu hakumwona mtu akimpendelea. Barua za Jamal hakuziona. Zilibaki upande wa kushoto wa meza.

Ndiyo maana nawasihi wale ambao hawajawahi kushushwa basini: msiseme hakuna tatizo kwa kuwa nyinyi mmepita. Mtu mwenye lafudhi ya pwani, mwenye jina ambalo halimfanyi afisa ainue uso, mwenye baba anayefahamika ofisini, mwenye kitambulisho kilichotoka kwa siku chache wakati mwenzake ameitwa na kuitwa tena alete cheti cha babu aliyezaliwa kabla vyeti havijakuwapo, huyo ameanza safari mbele ya wenzake. Sisemi aone aibu. Namwomba tu ashuke pamoja na anayeshushwa. Basi likisimama na mtu akanyooshewa kidole, abiria wawili au watatu wakiteremka wakasimama pembeni ya yule mama, bila kelele, bila matusi, afisa atauliza kwa adabu. Nimeliona hilo likitokea mara moja maishani mwangu, na nasikitika kwamba si mimi niliyeteremka.

Nanyi mnaoajiri, wenye maduka, wenye boti Kibirizi, wakuu wa shule. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi au mahali alipotoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri vivyo hivyo, na inataja rangi, kabila, asili na mahali mtu atokako. Mnazo sheria. Mimi nawapa jambo dogo nililolifanya baada ya yule binti wa mise, kila nilipoitwa tena kwenye kamati: nilichukua karatasi nyeupe nikafunika sehemu ya juu ya fomu, jina na mahali pa kuzaliwa, nikawasihi wenzangu wasome kilichobaki. Mwanzoni waliniona nawapotezea muda. Lakini tulijikuta tunabishana juu ya mwandiko, hesabu na uzoefu, kwa sababu kingine cha kubishania hakikuwapo.

Liko jambo moja la mwisho nalo linanikosesha usingizi kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu tunaosimama nao safu moja. Mwenye shamba anamchukua kijana wa Kirundi alime. Wanapatana kwa mdomo. Kijana analima, analala kwenye kibanda cha miti, anakula muhogo mbichi. Siku ya malipo ikikaribia, mwenye shamba anaanza kumwuliza: "Vibali unavyo?" Hakuuliza siku ya kwanza, jembe lilipokuwa linahitajika. Anauliza sasa. Na kijana anajua swali hilo maana yake ni kwamba aondoke usiku, mikono mitupu. Wanangu, hili si suala la mipaka wala uraia. Serikali ina kazi yake ya kulinda mpaka, na siwaambii muidanganye. Lakini jasho limekwisha kumtoka mtu, na shamba limekwisha kulimwa. Sisi tulioulizwa "Kigoma ipi?" tukaumia, tumelichukua swali lile lile tukalifanya rungu la kumnyang'anya mtu ujira.

Kijana mmoja wa namna hiyo alikuja barazani kwangu juzi baada ya magharibi. Alisimama uani, hakutaka kukaa. Nilimpa maji. Sikumwuliza kwao. Akaeleza mwenyewe, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokota, shamba la nani na ameahidiwa nini. Mwenye shamba namfahamu. Tumezika pamoja, tumefuturu pamoja. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Dar es Salaam nilimwona anainuka bila kuitwa. Akaleta daftari na kalamu. Akamwuliza kijana siku moja moja: Jumatatu ulilima? Jumanne je, mvua ile ilikusimamisha? Wakahesabu mpaka taa ikaanza kufifia. Zikafika siku 19.

Kesho baada ya alfajiri tutakwenda wote watatu. Nitaongea mimi kwanza, kwa kuwa ni mzee na atalazimika kunikaribisha. Karatasi ataitoa mjukuu wangu. Ameiandika upya kwa wino, imenyooka kama hesabu za ofisini: juu jina la kijana kwa herufi kubwa, chini yake kazi, siku, kiasi kwa siku, jumla. Nilimwuliza kama amesahau kitu, maana fomu zote nilizowahi kuziona zina mstari wa mahali mtu alipozaliwa. Akasema hajasahau.